Posho, Namba na Miaka ya Kazi: Nani Alistahili Kusaidiwa Mjini Likasi

Mtu wa Dar es Salaam akitajiwa posho, jambo la kwanza kumjia akilini ni fedha anazolipwa mbunge au mtumishi kwa kuhudhuria kikao. Wa Kampala atadhani anakaribishwa mezani, kwani huko posho ni jina la chakula chenyewe, ule unga wa mahindi uliosongwa ambao Mtanzania anauita ugali. Katika Katanga neno hilo lilishika maana nyingine, iliyo karibu zaidi na ile ya kale: fungu ambalo mwajiri humpimia mtu wake ili asife njaa akiwa kazini. Wapagazi wa misafara ya karne ya 19, waliotoka pwani kwenda Tabora, Ujiji na kwingineko bara, walipokea posho, na mara nyingi fungu hilo halikuwa chakula bali kitambaa au shanga za kununulia chakula njiani. Kwa hiyo suala la kama mhitaji apewe kitu au apewe thamani ya kitu, ambalo leo hujadiliwa katika mikutano mikubwa, lilikwisha kuwa na jibu lake miongoni mwa wapagazi.

Makala haya yanakusudia kulifuata neno hilo katika mji mmoja, Likasi, ulioko katika jimbo la Haut-Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Swali tunalouliza ni hili: kaya inapopatwa na dhiki, ni kipimo gani kinachoamua kwamba hii isaidiwe na ile isisaidiwe? Wataalamu wa siku hizi wa misaada ya fedha taslimu huanza na kipato. Huweka kiwango, na aliye chini ya kiwango hicho ndiye anayestahili. Mtindo huo umezoeleka hata ukaonekana kuwa hauna mbadala. Likasi, hata hivyo, ni mji ambao kwa muda wa karibu miaka themanini msaada mkubwa uliozifikia kaya zake haukupimwa kwa kipato. Kwanza vilihesabiwa vinywa vya watu; baadaye ikahesabiwa miaka. Badiliko hilo, la kutoka vinywa hadi miaka, ndilo tunalotaka kulieleza, kwa sababu kwa maoni yetu lilileta madhara ambayo hesabu ya fedha zilizolipwa haiwezi kuyaonyesha.

Likasi uko kiasi cha kilomita 120 kaskazini-magharibi ya Lubumbashi. Hadi mwaka 1966 uliitwa Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, kiongozi wa shirika la fedha la Société Générale de Belgique. Wageni huujua kwa mambo mawili: machimbo ya jirani ya Shinkolobwe, yaliyotoa urani iliyotumika kutengeneza mabomu ya kwanza ya nyuklia, na mapigano ya Septemba 1961 ambamo kikosi kidogo cha askari wa Ireland waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa kilizingirwa na majeshi ya Katanga iliyokuwa imejitenga. Sisi tunaujia mji huu kwa jambo la tatu, lisilo na kishindo, nalo ni gunia la unga.

Kampuni yahesabu vinywa

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na shaba yake ya kwanza iliyeyushwa Lubumbashi mwaka 1911. Katika miaka ya 1920 viwanda vilijengwa Panda, kando ya Likasi, na mwaka 1929 mtambo wa Shituru wa kusafisha shaba kwa umeme ulianza kazi. Wafanyakazi wa mwanzo walikuwa vijana wasio na wake, walioletwa kwa mikataba mifupi, wengi wao kutoka Rhodesia ya Kaskazini, na wengine kwa mkono wa Bourse du Travail du Katanga, ofisi ya kuandikisha vibarua iliyoanzishwa mwaka 1910. Walikaa makambini miezi michache, wengi wakaugua, wengine wakafa, waliosalia wakarudi kwao, na kampuni ikalazimika kuanza upya kuwatafuta na kuwafundisha wengine. Hii ilikuwa hasara, na hasara huifundisha kampuni mambo ambayo huruma haiwezi kuifundisha.

Kuanzia mwaka 1928 hivi kampuni ilishika njia nyingine. Mikataba ikawa ya miaka mitatu. Mfanyakazi akashauriwa, hata akashawishiwa, aje na mke. Uandikishaji ukaelekezwa zaidi Kasai, Lomami na Ruanda-Urundi, na reli iliyofika Port-Francqui, yaani Ilebo ya sasa, mwaka huohuo wa 1928 ikarahisisha safari ya watu wa Kasai. Mtu anayehusishwa zaidi na sera hiyo ni daktari Léopold Mottoulle, ambaye baadaye aliandika kitabu kizima kuitetea, kilichotoka mwaka 1946. Hoja yake ilikuwa wazi: mfanyakazi mwenye mke na watoto hatoroki, hula vizuri, haugui sana, na mtoto aliyekulia kambini ndiye mfanyakazi wa kesho.

Tuangalie jinsi mpango wenyewe ulivyokwenda, maana hapa ndipo penye kiini cha jambo letu. Mfanyakazi alipoandikwa alipewa namba. Namba hiyo ndiyo iliyosomwa siku ya kugawa posho, na kwa namba hiyo akapimiwa unga wa mahindi, ule unaopikwa bukari, pamoja na samaki mkavu au nyama, mafuta ya mawese na chumvi. Mke alihesabiwa fungu lake, pungufu kuliko la mume, na kila mtoto la kwake. Mtoto alipozaliwa kitabu kiliongezwa jina, na alipokufa jina lilifutwa. Kwa maneno mengine, kampuni haikumwuliza mtu alikuwa na fedha kiasi gani. Haikuwa na haja, kwani mshahara ilikuwa ikiulipa yenyewe. Ilichouliza ni watu wangapi wanakula kwa namba hii.

Mara swali la vinywa lilipoulizwa, likazuka la pili: kinywa cha nani? Kampuni ilimtambua mke mmoja tu. Mwanamume aliyekuwa na wawili, wa pili hakuwamo kitabuni, na hakuwa na posho. Mama mzazi wa mfanyakazi, ndugu yake mdogo, mpwa aliyeletwa kusoma, hao walikuwa wageni, na mgeni alihitaji kibali ili alale kambini. Watoto wachanga walipelekwa kupimwa uzito, na akina mama walifundishwa namna ya kuwalisha. Hivyo posho ilikuja na tafsiri yake ya ukoo. Mtu wa Kasai au wa Ulubani, aliyezoea kwamba chungu kimoja huwalisha watu wa vizazi vitatu, alikuta kwamba kaya ni baba, mama na watoto wao wa kuwazaa, basi.

Mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, amelichunguza jambo hili kwa kina katika kitabu chake kuhusu familia za wafanyakazi wa Katanga kuanzia mwaka 1910 hadi 1997, kilichochapishwa mwaka 2001. Kitabu hicho kinawaita watu wa Shaba watoto walioachwa na baba yao, na baba mwenyewe ni kampuni. Anaonyesha kwamba kampuni, kwa kulisha, kutibu, kusomesha na kuadhibu, ilijiweka juu ya baba wa nyumba. Wenyewe makambini waliisema kampuni kuwa ni baba na mama. Usemi huo husikika kama sifa, nao ni sifa kweli, lakini ndani yake mna pia kukiri kwamba baba wa damu alikuwa amebaki na cheo kitupu.

Hapa tuseme kidogo juu ya neno jingine. Katika Kiswahili cha Katanga familia huitwa jamaa, na katika miaka ya 1950, katika makambi ya Kolwezi, padri Mfransisko Placide Tempels alianzisha harakati ya kidini iliyochukua jina hilohilo. Johannes Fabian, aliyeandika juu ya harakati hiyo mwaka 1971 na baadaye juu ya historia ya Kiswahili cha Katanga, ametuonyesha jinsi lugha hii ilivyostawishwa makusudi na utawala na kampuni kuwa lugha ya kazi. Si ajabu, basi, kwamba maneno mawili yaliyobeba maisha ya kambi, posho na jamaa, yote mawili yana mkono wa kampuni nyuma yake: la kwanza likihesabu wanaokula, la pili likifundisha mume na mke kupendana ndani ya nyumba ambayo kampuni ilikuwa imeipima.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba waliohesabiwa walinyamaza. Vita vya pili vya dunia vilipandisha bei za vitu vya dukani, na mishahara ikabaki nyuma. Desemba 1941 wafanyakazi waligoma Lubumbashi na vilevile Panda na Shituru. Dai lao lilikuwa nyongeza ya mshahara. Tarehe 9 Desemba, mjini Elisabethville, askari waliufyatulia risasi umati uliokusanyika katika uwanja wa mpira, watu makumi wakauawa, miongoni mwao Léonard Mpoyi aliyekuwa msemaji wao. Tukio hili lina maana ya pekee kwetu. Posho ilimlinda mfanyakazi na njaa, lakini ilimlinda pia mwajiri na swali la mshahara, kwani aliyepewa unga na nyumba angeweza kuambiwa kwamba fedha ni ziada. Wagomaji walikataa hesabu hiyo. Walitaka thamani ya kazi yao mikononi mwao, waitumie wapendavyo na kwa yeyote wampendaye, hata yule mama mzazi ambaye kitabu hakikumtambua.

Namba yabaki, unga waisha

Uhuru, kujitenga kwa Katanga kuanzia Julai 1960 hadi Januari 1963, na hatimaye kutaifishwa kwa kampuni mwanzoni mwa mwaka 1967 havikuuvunja mpango huo. Kampuni ya taifa, iliyojulikana kama Gécamines tangu mwaka 1971, iliurithi pamoja na mitambo. Katika miaka ya 1980 ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 30,000, hospitali, shule, nyumba za matofali na gunia la unga la kila mwezi. Serikali nayo ilikuwa na taasisi yake ya hifadhi ya jamii, INSS, iliyoanzishwa mwaka 1961, lakini kwa mtu wa Panda au Shituru serikali ilikuwa mbali, na kampuni ilikuwa mlangoni.

Mwaka 1986 Gécamines ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Septemba 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, Kolwezi, uliporomoka. Mwaka 1991 askari na raia walipora miji mikubwa ya nchi, wafadhili wakaondoka. Kufikia mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa umeanguka hadi tani 30,000 hivi. Fedha nayo ilipoteza maana: Oktoba 1993 zaire mpya moja ilitolewa badala ya zaire 3,000,000 za zamani, na miaka mitano baadaye faranga ya Kongo ikachukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Anayependa kipimo cha kipato na ajiulize angeweka kiwango gani katika nchi kama hiyo, mahali ambapo mshahara wa Jumatatu haukununua Ijumaa kile ulichoweza kununua siku ulipotolewa.

Katikati ya maanguko hayo lilitokea jambo ambalo historia ya misaada mjini Likasi haiwezi kulikwepa. Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Kitaifa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mwenyeji wa Kasai, kuwa waziri mkuu, mahali pa Nguz Karl-i-Bond wa Shaba. Gavana wa jimbo, Kyungu wa Kumwanza, alikuwa amekwisha kuwachochea watu dhidi ya wale waliotoka Kasai. Likasi ulikuwa miongoni mwa miji ya kwanza kuwaka. Nyumba zilichomwa, watu wakauawa, na maelfu wakakimbilia katika stesheni ya reli, mashuleni na makanisani wakingoja treni ya kuwarudisha katika nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Mwaka 1993 moto huo ukafika Kolwezi. Kwa jumla watu waliofukuzwa katika jimbo zima walikuwa mamia ya maelfu.

Walikuwa watoto na wajukuu wa wale walioletwa na reli ya 1928. Namba zao za kazi zilikuwa halali, za baba zao zilikuwa halali, na majina ya watoto wao yalikuwa kitabuni. Hakuna kilichowafaa. Stesheni walipewa chakula, maji na matibabu na makanisa na mashirika ya kimataifa, na kipimo cha kustahili kikawa mahali mtu alipolala: aliye katika uwanja wa stesheni alipewa, aliyejificha kwa rafiki mtaani hakuonekana. Wafanyakazi wa misaada wa popote duniani wanalijua tatizo hili. Katika Likasi lilikuwa na uchungu wa ziada, kwamba watu waliohesabiwa na kampuni kwa miaka sitini na mitano walihesabiwa safari hii ili waondoke.

Miaka ishirini na mitano

Kufikia mwaka 2003 Gécamines ilikuwa ikitoa tani elfu chache tu za shaba, na kwenye orodha yake walikuwamo bado watu karibu 24,000. Mishahara haikuwa imelipwa kwa miezi mingi, kwa baadhi kwa hesabu ya miaka. Unga haukuwapo. Serikali ya Kinshasa, iliyokuwa ikitoka vitani na ikihitaji mikopo, ilikubaliana na Benki ya Dunia kupunguza wafanyakazi, na mpango ukaitwa Opération Départs Volontaires, yaani shughuli ya kuondoka kwa hiari. Ulijulikana na unajulikana mpaka leo kwa herufi zake tatu, ODV.

Kipimo cha kustahili kilikuwa miaka ya utumishi. Aliyekuwa na miaka 25 au zaidi aliweza kujiandikisha. Kati ya mwaka 2003 na mwanzo wa 2004 watu 10,655 waliondoka Likasi, Lubumbashi, Kolwezi na vituo vingine, na kiasi cha dola milioni 43 za Marekani kililipwa. Ukigawanya utapata wastani wa dola 4,000 hivi kwa mtu, ingawa wastani huo unaficha mengi, kwa kuwa waliokuwa na vyeo walipata zaidi sana kuliko mfanyakazi wa kawaida. Malipo yalikuwa ya mara moja, na baada yake hapakuwa na deni tena kati ya kampuni na mtu wake.

Neno hiari lataka kutazamwa. Kwa Kiswahili hiari ni uwezo wa kuchagua kati ya mambo mawili ambayo kila moja linawezekana. Ukimfanyia mtu hisani asiweze kuikataa, au ukimweka mahali ambapo upande mmoja ni shimo, hatuiiti hiari. Mtu wa Shituru aliyekuwa na miaka 30 ya kazi mwaka 2003 alikuwa na namba isiyoleta mshahara, hospitali isiyokuwa na dawa, na watoto waliorudishwa kutoka shuleni kwa kukosa karo. Aliambiwa angeweza kubaki na namba yake au kuchukua dola. Wako waliochukua kwa furaha, na hatuna sababu ya kuwanyang'anya furaha hiyo. Lakini mwandishi wa historia anayeandika kwamba waliondoka kwa hiari, bila kusema zaidi, anaazima lugha ya mlipaji.

Sasa tuuweke mpango huu kando ya posho ya zamani. Posho ilihesabu vinywa na kutolewa wiki kwa wiki, wakati ODV ilihesabu miaka na kutoa mara moja. Tuchukue watu wawili wa kufikirika, majirani katika mtaa mmoja wa Panda. Wa kwanza ana miaka 26 ya kazi na watoto wake wamekwisha kuoa na kuolewa. Wa pili ana miaka 24, watoto wanane na wajukuu wawili wa binti aliyefariki. Kwa kipimo cha mwaka 1935 wa pili angetoka ghalani na mzigo mkubwa kuliko wa kwanza. Kwa kipimo cha mwaka 2003 wa kwanza alikwenda benki, na wa pili akabaki na namba. Wala mtu hawezi kusema kwamba mpango huo ulikosea kufuata kanuni zake. Ulizifuata. Ulikusudiwa kuipunguzia kampuni watu wa umri mkubwa, haukukusudiwa kuzilisha kaya. Lakini ndio uliokuwa mgao mkubwa kuliko wote wa fedha taslimu zilizowahi kuingia katika kaya za Likasi kwa siku chache, katika wakati wa dhiki isiyo kifani, na kwa hiyo ndio uliofanya kazi ya msaada wa dharura, upende usipende.

Waliokosa hawakuwa wenye miaka 24 peke yao. Mjane ambaye mumewe alifariki katika miaka ya 1990, miaka ambayo wengi walifariki, hakuwa na miaka ya kuandikisha kwa jina lake. Vibarua wa mikataba midogo hawakuwamo. Mwenye asili ya Kasai aliyepanda treni mwaka 1993, miaka yake ya kazi ilikatika siku hiyo. Na wake wa wale waliolipwa, je? Katika mpango wa zamani mke alikuwa na fungu lililohesabiwa kwa ajili yake, hata kama lilipitia namba ya mume. Katika ODV jina lake halikuwa na hesabu yoyote. Mume alipewa fungu zima, na mke akasubiri kuona lingefika nyumbani likiwa kiasi gani.

Benjamin Rubbers, aliyewachunguza wafanyakazi wa zamani wa Gécamines na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 2013, anatuondolea hadithi nyepesi kwamba watu hao walizitapanya fedha kwa pombe na anasa. Hadithi hiyo ilienea sana, na inafaa tuitilie shaka kila inapotokea, kwani husimuliwa juu ya maskini wa kila nchi mara tu wanapopewa fedha mkononi. Fedha ziliingia katika madeni, karo, matibabu, kulima, na biashara ndogondogo ambazo nyingi hazikudumu. Mtu aliyetumia miaka 30 akiendesha mtambo wa kusafisha shaba hawi mfanyabiashara kwa sababu amelipwa. Wenye kujua biashara nyumbani mwake walikuwa mke na binti zake, waliokuwa wakiuza unga kwa kikombe, makala kwa fungu, na samaki mkavu tangu mishahara ilipokoma. Uchunguzi wa kaya za Lubumbashi uliofanywa chini ya Observatoire du Changement Urbain, na kuchapishwa na Pierre Petit mwaka 2003, unaonyesha jambo hilohilo kwa mji wa jirani: kaya haikuishi kwa kipato kimoja kinachoweza kuulizwa na kuandikwa, bali kwa vijito vingi vyembamba, vingine vya siku moja, vingine vya ndugu aliye mbali, vingine visivyosemwa mbele ya mume.

Vijana nao walichukua koleo. Sheria mpya ya migodi ya mwaka 2002 ilikuwa imewatambua wachimbaji wadogo, na wana wa wafanyakazi wakaenda kuchimba kobalti na shaba katika maeneo ambayo baba zao walikuwa wakichimba kwa mashine. Shinkolobwe ilifungwa kwa amri ya rais Januari 2004, lakini watu waliendelea kuingia, na Julai mwaka huo ardhi ikawaangukia baadhi yao wakafa. Mtoto aliyekuwa akihesabiwa posho kwa sababu angekuwa mfanyakazi wa kesho, kama Mottoulle alivyotabiri, kweli alikuwa amerudi mgodini, ila hapakuwa na kitabu cha kumwandika.

Fomu na paa

Katika miaka iliyofuata, misaada ya fedha taslimu ilienea Afrika ya Mashariki na Kongo. Tanzania, kupitia TASAF, ilianza mwaka 2012 mpango wa kunusuru kaya maskini, ambamo kwanza huchaguliwa maeneo, kisha mkutano wa kijiji huwataja walio maskini, kisha fomu hujazwa ili kuhakiki. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumpa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi bila kuuliza kipato chake. Mashariki mwa Kongo, kuanzia mwaka 2013, UNICEF iliwapa waliohamishwa na vita fedha badala ya vyombo na nguo, na mjini Kinshasa, baada ya janga la UVIKO-19, fedha zilitumwa kwa simu za mkononi.

Fomu ya TASAF inatuhusu zaidi, kwa kuwa inatokana na kukiri kwamba kipato cha mkulima au mchuuzi hakipimiki. Badala ya kuuliza mtu anapata nini, huuliza mambo ya kuonekana: kuta ni za nini, paa ni la nini, sakafu, choo, vyombo, na idadi ya watu. Ni njia ya busara katika kijiji cha Lindi au Dodoma, mahali ambapo nyumba hufuata hali ya mwenye nyumba. Lakini tuichukue fomu hiyo kwa mawazo tu hadi Panda. Mjazaji angekuta kuta za matofali ya kuchoma, bati, sakafu ya saruji, nyaya za umeme zilizopitishwa ukutani na bomba la maji uani. Angeandika kwamba kaya hii ina nafuu. Kumbe nyumba ilijengwa na kampuni, kwa hesabu ya baba, mama na watoto wao wa kuwazaa, na sasa ndani yake wanaishi watu wa vizazi vitatu, maji hayatoki, na chakula hupikwa mara moja kwa siku. Paa lile ni ushahidi wa utajiri, ni kweli, ila utajiri wenyewe ni wa Union Minière katika karne iliyopita. Kipengele kimoja tu cha fomu kingesema kweli juu ya Panda, nacho ni kile kinachouliza wanaokula ni wangapi.

Walioondoka mwaka 2003 hawakuuona mlango wa fomu kuwa ndio mlango wao. Waliunda umoja wao, wakaandika barua kwa kampuni, kwa serikali, kisha mwaka 2009 malalamiko yakafikishwa kwenye Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia huko Washington. Hawakuomba wapimwe umaskini. Walidai tofauti kati ya walicholipwa na kile walichoamini sheria ya kazi na mkataba wao viliwapa, na katika kudai huko walitumia kipimo kilekile walichopimwa nacho, yaani miaka yao ya kazi.